Jibu Alilobeba Alwi

Siku ile mjinga alikuwa Alwi, na hilo hata yeye mwenyewe habishi. Mkute buchani kwake Kitale, kule nyuma ya msikiti, umuulize kama ni kweli alipewa leso, kikoi na mbuzi kwa kusema ukweli ambao hakuna aliyeusikia. Atafuta kisu kwenye aproni, atakutazama, halafu atasema, "Ni kweli. Na mbuzi alikuwa mnono." Ukicheka, umeshakuwa mmoja wao.

Alwi alikuwa mtu wa maneno. Duka lake la kwanza liliungua, la pili likabomolewa kupisha barabara, na katika misukosuko hiyo alijifunza kwamba aliyeanguka akiwachekesha watu huinuliwa upesi kuliko anayelia. Basi akawa wa kuchekesha. Mteja akimuuliza kama nyama ni ya leo, alijibu, "Hii ni ya kesho, mama. Leo nimekutolea kwa upendeleo." Mwingine akilalamika kwamba haina mafuta, alimwapia kwamba ng'ombe yule alikuwa mkimbiaji. "Wallahi, alikuwa anajiandaa kwenda mashindanoni!" Wallahi yake aliinyunyizia kila kitu, kama chumvi, na watu walipenda kununua kwake kwa sababu walitoka pale na nyama na kicheko kwa bei moja.

Shida ya mtu kama huyo ni kwamba baada ya muda watu huacha kusikia anachosema. Husikia tu kwamba ni yeye anayesema.

Mambo yalianzia kwa mke wake, Hibo. Kaka yake Hibo, Bwana Guled, alikuwa na kijana anayeitwa Naim, muuza spea za pikipiki palepale Kitale, kijana mpole, mwenye salamu kwa wakubwa na wadogo. Guled alitaka kumwoza. Kaka yake Alwi naye, Salman, anayeuza nafaka Bungoma, alikuwa na binti, Sabiha. Hibo alimtazama mume wake jioni moja wakila, akasema, "Si una mtoto wa kaka yako?" Ikawa hivyo. Alwi alikuwa shemeji upande mmoja na baba mdogo upande wa pili. Nani mwingine angetumwa?

Salman alipoambiwa alimtuma akamuulize binti mwenyewe, naye akamkuta Sabiha uani kwao Bungoma, karibu na msikiti, ameketi na sinia la mchele mapajani anautoa mawe. Msichana alikuwa amemaliza chuo cha ualimu mwaka uliopita na alikuwa akifundisha watoto wa chekechea. Alwi alikuwa amembeba mgongoni utotoni. Watoto wote wa kaka yake walimkimbilia yeye kwanza.

"Sabiha," alisema akiketi juu ya ndoo iliyofunikwa, "kuna kijana Kitale anataka kukuposa. Mtoto wa shemeji yangu. Anaswali, ana duka, na meno yake yote yako, nimehesabu. Unasemaje?"

Sabiha aliinua uso. Midomo ikafunguka.

Alwi akanyoosha mkono haraka kama askari wa barabarani. "Aa-aa! Usijibu mbio hivyo, watu watasema tulikuwa tunakunyima chakula. Msichana wa heshima hunyamaza."

Midomo ikafungika. Sabiha akarudi kwenye mchele wake, akaokota jiwe moja, akalitupa. Alwi alingoja kidogo, muda wa mtu kumeza mate, halafu akapiga makofi. "Kimya! Alhamdulillahi!" Akaenda mbele kumpa kaka yake habari njema, na Salman akamkumbatia.

Hakuna aliyekuwa amevunja desturi. Dini ilitaka msichana aulizwe, na kwa kuwa wako wanaoona haya kutamka, ikaona kimya chao kinatosha. Lakini katika mtaa ule mambo yalikuwa yamefupishwa mwaka baada ya mwaka. Swali lilikuwa limepungua likawa kitu cha kupita, na kimya kikanenepa mpaka kikaijaza nyumba.

Jumamosi ya posa Alwi alifika Bungoma mapema, kabla ya wageni, kwa sababu alikuwa na kazi yake. Watu wa mtaa ule wana asili nyingi. Kuna waliotoka Pwani na babu zao, kuna Wanubi, kuna Wasomali, kuna Wabukusu waliosilimu zamani, na desturi zao zimechanganyika hadi hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nani. Moja iliyoshika ni hii: ujumbe wa posa ukifika, mtani wa wageni husimama mlangoni na kuufunga. Husema msichana hayupo. Husema amekataa, ameolewa, amepanda ndege. Wageni humbembeleza kwa zawadi, moja baada ya nyingine, mpaka anyamaze na kusogea. Shemeji ni mtani, na Alwi, tangu amwoe Hibo, ndiye aliyekuwa amefunga milango mingi kuliko shemeji mwingine yeyote kati ya Bungoma na Kitale.

Uani alimkuta Nabwile, jirani wa miaka mingi, mwanamke wa kanisa aliyekuja kusaidia kupika. Alikuwa ameinamia beseni la vitunguu alivyoletewa kutoka kwao Naitiri, na machozi yanamtiririka.

"Nabwile, unalilia nini na anayeolewa si wewe?"

"Wacha ujinga, Alwi. Ni kitunguu." Akajifuta kwa kiwiko. Halafu akapunguza sauti. "Lakini kuna mwenye analia huko nyuma ya tenki, na hakuna kitunguu huko. Enda uone."

Nyuma ya tenki la maji, Sabiha alikuwa amesimama na hina mkononi, macho yamevimba. Alwi alifungua mdomo kutania. Sabiha akamtangulia.

"Baba mdogo, mimi simtaki."

"Naim? Amekukosea?"

"Hajanikosea. Ni mtu mzuri. Nimemuwaza hadi nimechoka kumuwaza, na bado simtaki. Sina sababu nyingine."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Sabiha alicheka bila raha. "Nilimwambia mama. Akanikumbatia, akasema hata yeye alisema hivyohivyo, kila msichana husema hivyo. Nikalia. Shangazi wakaja, wakaniona nalia, wakapiga vigelegele. Jana nimekataa kupakwa hina, wakasema mtoto ana haya, amelelewa vizuri. Wakanishika mkono wakapaka." Aliuinua ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Jibu la kwanza lilitoka kwako. Wewe ndiye ulilipeleka kwa baba. Enda ulirudishe."

Alwi alikumbuka mkono wake mwenyewe ulivyonyooka. "Nitarudisha," alisema. "Wallahi."

Sabiha akarudi ndani.

Salman alikuwa mbele anapanga viti chini ya hema, kanzu mpya imemkaza tumboni.

"Kaka, kuna jambo. Sabiha amekataa."

Salman alicheka mpaka akashikilia kiti. "Ati unaanza na mimi! Ngoja wageni, bana. Usimalize vituko vyote saa hii."

"Kaka, sitanii. Ameniambia sasa hivi huko nyuma. Wallahi al-adhim."

"Hiyo wallahi yako ni ya bucha," Salman alisema, akimpiga begani. "Nayo ukitaka ikae vizuri, kunja sura kidogo. Hivi unaonekana mtu mwenye anaumwa na tumbo. Guled atakupa dawa badala ya leso!" Akaondoka kwenda kuwakaripia waliochelewesha mkeka.

Alwi akatoa simu. Hibo alikuwa njiani na ujumbe. Aliposhika, nyuma yake kulikuwa na kasida na makofi.

"Hibo, sikiliza. Mko wapi?"

"Tumetoka Kiminini! Tulisimama kidogo kununua ndizi."

"Mwambie kaka yako ageuze gari. Msichana amekataa."

Hibo alipaza sauti kwa wenzake: "Jamani, shemeji yenu ameanza! Ati tugeuze gari!" Kicheko kilijaa simu. Kisha sauti ya Guled, mbali kidogo: "Mwambie ageuke yeye! Tuna silaha zote!" Simu ikakatika. Alwi akapiga tena, ikalia na kulia bila kushikwa. Bila shaka walikuwa wakiitazama inavyolia na kushika mbavu.

Alirudi kwa Nabwile. "Wewe unaniamini?"

"Nakuamini," alisema Nabwile bila kuinua kichwa. "Kwetu msichana akinyamaza siku mbili tunampereka hosipitali, hatuiti wageni. Lakini mimi ni jirani, tena wa kanisa. Nisimame mbele ya wazee wenu niseme nini? Watasema Nabwile ameingilia dini ya watu. Enda wewe. Wewe ni wa ndani."

Wa ndani. Alwi alitembea kuelekea mlangoni akiwaza kwamba huenda hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Wageni walifika kwa honi na vigelegele. Guled alitangulia, ndevu zimepakwa hina, fimbo mkononi. Nyuma yake Naim, mwenye kanzu nyeupe na aibu, kisha wanawake na sinia zilizofunikwa. Majirani walijaa hadi barabarani, maana Alwi kusimama mlangoni ilikuwa burudani ya bure.

Alinyoosha mikono, mmoja kila upande wa mlango. Watu wakashangilia. Akangoja watulie.

"Bwana Guled," alisema kwa sauti ya chini ambayo hata yeye hakuizoea, "rudini nyumbani. Msichana amekataa."

"Eeeeh!" uwanja mzima ukaitika. Leso ikatua begani mwake, mpya, bado ina harufu ya duka.

"Si utani, shemeji."

"Sikieni! Ati si utani!" Guled alimgeukia mwanawe. "Naim, jifunze. Mtani akisema si utani, hapo ndipo umeiva." Leso ya pili. Kigelegele.

Alwi akazitoa zile leso, akazikunja, akamrudishia. Hajawahi mtani kurudisha zawadi katika mtaa ule, na watu walivyoona hivyo walipandwa na wazimu wa furaha. "Anataka kubwa! Anataka kubwa!" Hibo, mke wake mwenyewe, alitoka kwenye kundi akicheza, akamvisha kikoi kiunoni na kumfunga fundo. Alwi akamshika mkono, akamnong'oneza, "Hibo, tafadhali, mimi ni mume wako. Nitazame usoni." Hibo akamtazama usoni. Kisha akawageukia wengine, mkono kifuani: "Jamani, leo ameniita tafadhali! Mpeni mbuzi!"

Mbuzi akaletwa. Alikuwa ametoka Saboti asubuhi hiyo, mweupe, anatafuna kitu, na kamba yake ikafungwa kwenye mkono wa Alwi. Alwi alijaribu njia zote alizozijua. Alisema polepole, wakasema leo amebadilisha mtindo. Alipaza sauti, wakapaza zaidi. Alimwita Naim kwa jina: "Naim, mwanangu, wewe ndiye nakuambia, si hawa. Hakutaki. Hana ubaya na wewe, lakini hakutaki." Kwa kitambo kidogo uso wa Naim ulisita, kicheko kikabaki mdomoni bila kufika machoni, akamtazama baba yake kana kwamba anauliza. Guled akampiga mgongoni. "Cheka, bwana! Usipocheka ataongeza bei." Naim akacheka.

Hapo machozi yakamtoka Alwi. Hakuwa amelia mbele ya watu tangu moto wa duka. Yalitoka yenyewe, yakamwangukia kwenye kikoi kipya, na kelele zilizofuata ziliwatisha kunguru wa msikitini.

"Analia!" Guled alisema kwa heshima ya kweli, mkono mdomoni. "Wallahi nimefungiwa milango, lakini huyu ni mwingine. Huyu tumpeleke Nairobi!"

Alwi alitafuta neno. Alitafuta jingine. Yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayatumia buchani, mwaka baada ya mwaka, kuuzia nyama, na sasa lilipohitajika moja tu lisilo na mzaha ndani yake, hakulipata. Akanyamaza. Mikono ikamshuka.

"Kimya!" akapiga kelele Guled. "Amenyamaza! Amekubali!"

Wakampita. Fimbo, sinia, manukato, vitenge, wote wakampita kushoto na kulia, na kila aliyepita alimpigapiga mgongoni kumpongeza. Alibaki kizingitini na mbuzi.

Alipoingia alikuta wazee wameshaketi mkekani, wanawake wako chumba cha pili nyuma ya pazia, na Guled ameshamaliza nusu ya hotuba yake. Salman alikuwa ameinamisha kichwa vizuri, kama baba anavyopaswa kuonekana akitoa binti.

"Basi sisi," Guled alimalizia, "tumekuja kuomba, na tunangoja neno lenu."

Salman alikohoa. "Bwana Guled, sisi tume—"

"Kaka, usimalize," alisema Alwi.

Kicheko kidogo kilizunguka chumba, lakini cha uchovu. Salman hakucheka. "Alwi, kazi yako iliisha mlangoni. Utani una mwisho. Kaa chini."

"Nitakaa ukimwita Sabiha umuulize."

"Aliulizwa."

"Na nani?"

"Si na wewe!" Salman alipandisha sauti. "Wewe mwenyewe ulitoka Kitale, ukamuuliza, ukaniletea jibu. Nilikutuma mara ngapi? Mara moja. Ulileta jibu gani?"

"Sikuleta jibu, kaka. Nilileta kimya."

"Na kimya cha msichana ni nini? Wewe umezaliwa jana?"

"Mimi ndiye nilimnyamazisha. Alitaka kusema, nikamziba mdomo kwa mzaha. Kile hakikuwa kimya chake, kilikuwa changu."

Guled alinyoosha mkono kwa upole, kama mtu anayetuliza mtoto wa mwenyeji. "Shemeji, umelipwa. Mbuzi yuko pale nje, tumempa kwa moyo mweupe. Sasa ukiendelea unatufanya tuonekane hatukutimiza. Tafadhali."

"Mchukueni mbuzi wenu!"

"Ona sasa," Salman alisema. "Unanivunjia heshima mbele ya watu. Ndugu yangu wa tumbo moja. Umefunga mlango nikacheka, ukarudisha zawadi nikacheka. Sasa unataka nicheke mpaka lini?"

Alwi alipiga magoti palepale mkekani, kikoi kimemning'inia. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulikuwa ukingoja sehemu ya kuchekesha ifike, au ukiona aibu kwamba haifiki. Naim peke yake alikuwa ametazama chini, anavuta uzi kwenye pindo la kanzu.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Sumeya, mama yake Sabiha, ilijaribu kuokoa siku. "Jamani, msigombane. Mtoto yuko huku analia tu. Ni furaha. Hata mimi nililia."

Pazia likasogea. Sabiha alisimama hapo, hina mikononi, leso imemkaa vibaya begani, mama yake amemshika nguo kwa nyuma. Wazee wakainamisha macho. Salman akanyanyuka nusu.

"Mama, rudi ndani," alimwambia bintiye, na kwa kuwa alimpenda alisema kwa upole kabisa. "Hakuna ubaya. Ni haya tu. Rudi."

"Baba, simtaki," alisema Sabiha.

"Najua, mama. Ni haya."

Sabiha aliivuta nguo yake kutoka mkononi mwa mama yake.

"Nikinyamaza nimekubali," alisema. "Nikilia nimefurahi. Nikikataa nina haya. Basi nifundisheni, wazazi wangu, msichana wa nyumba hii akitaka kusema hapana, husemaje?"